Nywele Zilizokataa Wembe

Alfajiri ya Oktoba 21, 1956, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau wa Kenya, alipigwa risasi ukingoni mwa msitu wa Nyandarua, upande wa Tetu huko Nyeri, akakamatwa akiwa amevaa ngozi ya chui. Wakampiga picha akiwa amelazwa, mikono imefungwa pingu. Kinachovuta jicho katika picha ile ni kichwa chake: misokoto minene ya nywele iliyotawanyika pande zote, ya mtu ambaye hajakalia kiti cha kinyozi kwa miaka. Serikali ya kikoloni iliisambaza habari ya kukamatwa kwake kwa vipeperushi vingi, kila kijiji kijue kwamba mwindwa amepatikana. Februari 18, 1957, alinyongwa katika gereza la Kamiti, na kaburi lake likafichwa.

Waliotoa picha ile walitaka watu waone mshenzi. Waliodai ardhi yao iliyochukuliwa wasionekane kama wadai, waonekane kama wanyama wa msituni, na nywele zikawa ushahidi rahisi kuliko wote. Anayezungumzia uchafu wa kichwa cha mtu hahitaji tena kujibu anachodai mtu huyo. Hoja hiyo imeishi kuliko ukoloni wenyewe, na ndiyo sababu nataka kuifuata historia ya nywele hizi tangu zilipoanza kuota kwenye baridi ya Nyandarua na Mlima Kenya.

Kabla ya vita, nywele ndefu zilizosokotwa hazikuwa kitu kigeni katika nchi ile. Mwishoni mwa karne ya 19, vijana wapiganaji wa Kikuyu walifuga nywele, wakazisokota na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu, kama walivyofanya majirani zao Wamaasai. Wanawake wa Kikuyu kwa upande wao walinyoa. Wamaasai bado wanaushika utaratibu huo: morani hufuga nywele katika miaka yake ya ujana wa vita, na siku ya sherehe ya eunoto mama yake mzazi humnyoa, naye akaingia hatua nyingine ya maisha. Nywele zilikuwa na majira yake, na kulikuwa na mtu aliyestahili kushika wembe. Hilo la mwisho naomba msomaji aliweke akilini.

Ila kufikia miaka ya 1950, watu wengi walioingia msituni walikuwa wameshapitia mikono ya misheni, jeshi na vinyozi wa mjini. Karari Njama, aliyekuja kuwa karani wa Kimathi, alikuwa mwalimu wa shule. Waruhiu Itote, ambaye dunia inamjua kwa jina la Jenerali China, alikuwa amepigana Burma katika jeshi la Mwingereza. Hawa walikuwa watu wa nywele fupi na mashati yaliyopigwa pasi. Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari Oktoba 20, 1952, na maelfu wakaukimbilia msitu, hakuna aliyebeba mpango wa nywele. Walibeba mapanga, blanketi, na bunduki wachache waliobahatika.

Msitu wa Nyandarua unapanda mpaka zaidi ya mita 3,000. Kuna ukanda wa mianzi ambako jua halifiki chini, na juu yake kuna nyika tupu inayopigwa na upepo na ukungu. Maji ni tele, lakini ni ya baridi kali, na moto wa kuyachemshia ni hatari, maana moshi ulionekana na ndege. Kuanzia 1953 ndege za Uingereza zilimwaga mabomu kwenye misitu ile. Sabuni haikupatikana kirahisi. Chanuo halikuwa na nafasi mbele ya risasi. Kwa hiyo nywele zilifanya kile ambacho nywele zetu hufanya zikiachwa.

Inafaa kueleza hapo kinachotokea, kwa sababu wengi wanaozishutumu dredi hawajui zinavyojijenga. Unywele wa kipilipili huota ukijikunja tangu kwenye ngozi. Kila siku kichwa cha binadamu hupoteza nywele zinazokaribia mia moja. Anayechana huziona kwenye chanuo, anayenyoa hazioni kabisa. Usipochana, nywele hizo zilizokufa hazianguki, kwa kuwa zimeshikwa na mikunjo ya zile zilizo hai. Zinajizungusha humo ndani, zinabanana, na baada ya miezi kadhaa fungu linakuwa kamba moja iliyokazana katikati na laini karibu na ngozi. Mafungu yaliyo jirani yakiachwa bila kutenganishwa huungana mashinani yakawa fungu moja pana. Ndivyo yalivyokuwa mengi ya vichwa vya msituni: mikanda mipana, mizito, isiyolingana, kwa sababu hakuna mkono uliokaa kuigawanya. Urefu huongezeka kwa sentimita moja na kidogo kila mwezi, hivyo miaka mitatu ya msituni ilitosha kuyafikisha mabegani.

Adui naye alizisoma nywele zile kwa makini. Maofisa wa Kizungu waliounda vikosi bandia, wakichanganyika na wapiganaji waliokamatwa na kugeuzwa, walijipaka weusi usoni, wakavaa matambara na nywele za bandia ili wafanane na watu wa msituni. Ian Henderson, aliyeongoza msako wa Kimathi, alitumia mbinu hizo. Kwa upande mwingine, aliyekamatwa na kupelekwa kambini alinyolewa. Serikali ile ile ilizivaa nywele hizo kwa vita na kuzinyoa kwa adhabu.

Desemba 1963 bendera ya Uingereza ikashushwa, na waliosalia msituni wakaanza kutoka. Wengine walikusanyika uwanja wa Ruring'u, Nyeri, kuweka silaha chini. Musa Mwariama alitoka upande wa Meru, na kuna picha yake na Jomo Kenyatta: waziri mkuu nadhifu, na mbele yake mtu mwenye misokoto mirefu iliyokomaa. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi. Hakuna tabasamu la pamoja linaloficha ukweli kwamba wawili hawa walikuwa wameuona ukoloni kutoka pande tofauti kabisa. Baimungi M'Marete, mwenzake Mwariama, alirudi msituni kudai ardhi waliyoahidiwa, na mapema 1965 akauawa na majeshi ya serikali ya Kenya huru. Mau Mau lenyewe liliendelea kuwa shirika lililopigwa marufuku kisheria mpaka 2003.

Katika waliotoka alikuwamo Muthoni wa Kirima. Wazazi wake walikuwa vibarua katika shamba la Mzungu. Mume wake alitangulia msituni, naye akamfuata. Alianza kwa kupeleka chakula na habari, akaishia kuongoza mapigano, mwanamke pekee aliyepanda mpaka cheo cha Field Marshal. Kimathi alimpa jina la ndege anayefuma kiota, kwa jinsi alivyojua kuipanga mipango yake. Mimba aliyoibeba msituni iliharibika, na hakuzaa tena. Alipotoka, wenzake wengi walinyoa, wakarudi mashambani, mara nyingi mashamba ya watu. Yeye alikataa. Alisema nywele zile hazitaguswa mpaka aone matunda ya uhuru. Kwa karibu miaka 60 akaishi nazo Nyeri, kwa kawaida amezifunga kitambaa. Zilipofunguliwa zilishuka kupita kiuno.

Watu huisimulia nadhiri ile kama hadithi nzuri tu. Ni kazi pia. Nywele za miaka 60 ni mzigo wa kweli shingoni, hasa zikilowa. Zilipaswa kuoshwa, kukaushwa na kukunjwa, na zilikaa kwenye kichwa cha mwanamke aliyeendesha biashara na, kwa kipindi fulani, aliyekuwa diwani wa Nyeri. Hakuwa ameachana na usafi. Alikuwa ameachana na wembe.

Huku nyuma, ng'ambo ya Atlantiki, misokoto mingine ilikuwa imeshaota. Afrika Mashariki tunapenda kusimulia kwamba Marasta wa Jamaika walifuga dredi baada ya kuona picha za Mau Mau. Nami nilikua nikiamini hivyo, na ingenifurahisha ingekuwa hivyo tu. Lakini Barry Chevannes, msomi wa Jamaika aliyezungumza na wazee wa Rastafari wenyewe, alionyesha kwamba vijana wa kundi la Youth Black Faith, lililoanza Kingston mwaka 1949, ndio walioshika kufuga nywele bila chanuo wala wembe, wakiwa na hoja yao: nadhiri ya Mnadhiri katika kitabu cha Hesabu, sura ya 6. Mwaka 1949 ni miaka mitatu kabla ya hali ya hatari kutangazwa Kenya. Wengine wanakumbusha kwamba Wahindi walianza kupelekwa Jamaika kama vibarua tangu 1845, na watawa wa Kihindi wamefuga nywele za namna hiyo tangu zama za kale.

Msomi Horace Campbell, Mjamaika aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaipa Mau Mau uzito mkubwa zaidi. Kitabu chake kuhusu Rasta na ukombozi kilichapishwa mwaka 1985 na Tanzania Publishing House, hapa hapa Dar. Naona wote wawili wanakamilishana. Nywele za Jamaika zilikuwa na mizizi yake. Ila habari za msitu wa Kenya zilipofika Kingston ziliwapa watu waliodharauliwa mtaani ndugu wa mbali, wenye kichwa kama chao, wanaopigana na dola lile lile. Mwanahistoria Walter Rodney aliliona jambo hilo kwa karibu. Alifundisha Dar es Salaam, akarudi Jamaika mwaka 1968, akakaa na Marasta kwenye vibanda vyao akizungumza nao historia ya Afrika, na Oktoba mwaka huo serikali ikamzuia kuingia tena nchini. Mwaka uliofuata alikuwa Dar tena.

Na Jamaika nako wembe ulitumika kama silaha. Aprili 1963, baada ya vurugu na mauaji kule Coral Gardens karibu na Montego Bay, polisi na raia waliwasaka Marasta kote upande wa magharibi wa kisiwa. Walipigwa, walifungwa, wakanyolewa kwa nguvu, wengi wao wakiwa hawajagusa hata jiwe katika tukio lile. Jamaika ilikuwa imejitawala kwa miezi minane tu. Waziri Mkuu Andrew Holness aliomba radhi rasmi mwaka 2017, miaka 54 baadaye.

Kutoka huko nywele zikarudi kwetu kwa njia ya kaseti. Bob Marley alipopanda jukwaani uwanja wa Rufaro, Aprili 1980, Zimbabwe ikizaliwa, vijana wa Afrika waliona misokoto ile ikipewa heshima ya sherehe ya taifa. Nairobi ikajaa rege ndani ya matatu. Tanzania ikampata mwanamuziki Justin Kalikawe wa Bukoba. Kwa kijana wa mtaani, dredi sasa zilitoka Jamaika, na wachache walijua kwamba bibi mmoja Nyeri alikuwa nazo tangu kabla Marley hajarekodi chochote.

Kisha Kenya ikapitia kipindi kibaya. Kundi la Mungiki, lililojinasibu na Mau Mau, lilifuga dredi pia, na matendo yake ya kutisha yakamwangukia kila mwenye nywele. Lilipigwa marufuku mwaka 2002, na katika misako ya polisi ya miaka iliyofuata vijana wengi wa Nairobi na Mkoa wa Kati walijinyoa kwa hofu, si kwa hiari. Katika miaka hiyo hiyo, Februari 18, 2007, Rais Mwai Kibaki alizindua sanamu ya shaba ya Kimathi katikati ya Nairobi. Mchongaji Kevin Oduor alimpa misokoto yake yote. Mji ukawa na dredi za shaba zinazopigiwa saluti na dredi za watu zinazowakimbia askari.

Leo dredi zina saluni zake, kutoka Kariakoo hadi River Road, na kizazi kilichozichagua bila vita wala nadhiri. Nami ni mmoja wao, na ningependa kusimulia mambo ya utunzaji kwa sababu hapa ndipo shutuma ya uchafu inapovunjika.

Anayeanza hukaa chini, na msusi huchora kichwa kwa mkia wa chanuo, mraba kwa mraba. Upana wa mraba ndio unaoamua unene wa dredi kwa maisha yake yote, kwa hiyo hapo hakuna haraka. Kila fungu hupakwa jeli kidogo, wengi hutumia ya mshubiri, kisha husokotwa kwa vidole au kwa meno ya chanuo na kubanwa kwa kibanio mpaka likauke. Miezi ya kwanza ni ya kuvumilia. Nywele hufumuka, huvimba, hupoteza umbo, na wengi hukata tamaa wakidhani zimeharibika, kumbe uvimbe huo ndio dalili kwamba zile zilizokufa zimeanza kufungamana ndani. Kwa nywele za kipilipili, mwaka mmoja hivi hutosha dredi kushika.

Wasusi wa zamani walitumia nta, na nawashauri wote waikwepe. Nta haitoki kwa maji. Hushika vumbi na nyuzi za blanketi, na hatimaye ukikata dredi unakuta moyo wake ni wa kijivu. Kinachotakiwa ni shampuu isiyoacha utando, kila wiki au wiki mbili kutegemea jasho na kazi ya mtu. Povu lisuguliwe kwenye ngozi kwa ncha za vidole, kisha likamuliwe lipite ndani ya dredi mpaka chini, na suuza mara nyingi kuliko unavyodhani inahitajika, mpaka maji yanayotoka yawe meupe.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi. Dredi nene hushika maji kwa saa nyingi, na ukilala nazo mbichi, ukiziweka kwenye kofia au kilemba, zinaota ukungu ndani na harufu yake haiondoki kwa manukato. Msusi wangu hunikemea kwa hili kabla hata ya salamu: huinua dredi moja ya kisogoni, huinusa, na kuniuliza, "Dada, hizi ulizifunga zikiwa mbichi, eti?" Zioshe asubuhi, kaa juani, zigeuze. Ngozi ipakwe mafuta mepesi, ya nazi au ya mnyonyo, matone machache. Mizizi isisokotwe upya kila wiki: anayekazwa mara kwa mara huanza kupoteza nywele za kingo, juu ya paji na masikioni, na nywele hizo mara nyingi hazirudi. Na kila unapoosha, tenganisha kwa mkono mizizi iliyoanza kubebana.

Mtu mwenye ratiba hiyo anatumia maji na muda mwingi kichwani kuliko jirani yake mwenye upara. Walimu wakuu wanaowarudisha nyumbani watoto wenye dredi hawajawahi kuombwa kulifikiria hilo. Januari 2019, msichana wa kidato cha kwanza katika shule ya serikali jijini Nairobi, binti wa familia ya Kirasta, alirudishwa nyumbani kwa sababu ya dredi zake alizokuwa amezifunika kwa kilemba. Baba yake akaenda Mahakama Kuu. Septemba 13 mwaka huo Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba Rastafari ni dini kama dini nyingine, inalindwa na Katiba ya 2010, na kwamba shule haina ruhusa ya kumlazimisha mtoto kunyoa kinyume cha imani yake. Malawi ilifuata Mei 2023: Jaji Zione Ntaba alizitangaza kuwa batili kanuni za kuwazuia watoto wa Kirasta, akaiagiza wizara ya elimu itoe waraka wa kuwaruhusu kabla ya mwisho wa Juni.

Muthoni wa Kirima aliamua mwenyewe siku yake. Aprili 2022, nyumbani kwake Nyeri, alikaa kitini na kumruhusu Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza, kuzikata nywele za msituni. Nchi iligawanyika. Wengi waliumia kuona mkasi katika mkono huo, wa familia yenye ardhi nyingi, ilhali watoto wa wapiganaji hawana pa kujenga. Nawaelewa, na hasira yao ina haki. Mimi pia ningependa mkono mwingine. Lakini mwenye kichwa alikuwa na zaidi ya miaka 90, alikuwa na akili zake timamu, na hakuna askari wa kambi aliyesimama nyuma yake. Yeye ndiye aliyechagua nani amnyoe, kama ambavyo morani anajua atanyolewa na nani.

Alifariki Septemba 2023, akiwa na miaka 92. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 2013, Uingereza ilikuwa imekubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa enzi za vita, jumla ya pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Malipo hayo yalikuwa ya mateso. Ardhi haikuguswa, na vyama vya wakongwe na wajukuu wao bado vinaidai.